Anza na Maji: Jinsi ya Kumsaidia Samaki wa Nyumbani Anayeumwa

Ukimkuta samaki wako amepanda juu ya maji, mdomo unafunguka na kufungwa haraka haraka, au amejibanza pembeni mwa tangi huku mapezi yamemshika mwilini, usikimbilie dawa. Kwenye tangi dogo la nyumbani, kitu cha kwanza kuharibika huwa ni maji. Samaki ndiye anayeonyesha dalili. Ukiyarekebisha maji mapema, wengi hupona bila kuwekewa dawa yoyote.

Mwongozo huu ni kwa anayefuga samaki wachache kwenye ghorofa au chumba cha Mchafukoge, Kisutu au Kariakoo jijini Dar es Salaam, ambako maji ya bomba huja kwa vipindi, umeme hukatika, na joto la Desemba hukaa ukutani hadi usiku. Mazingira hayo yanambana samaki kwa namna yake, lakini kila tatizo lina njia, na vifaa vingi unavyo tayari: ndoo, jagi, feni na subira.

Saa ya kwanza

Anza na hewa. Angalia kama pampu ya hewa inafanya kazi na kama filta inatikisa uso wa maji. Oksijeni huingia majini kupitia pale juu, maji yanapokutana na hewa, kwa hiyo uso uliotulia tuli, wenye utando wa mafuta ya chakula, humnyima samaki pumzi. Kama pampu imekufa au umeme haupo, chota maji ya tangi hilo hilo kwa jagi, uyamimine tena kutoka kimo cha shubiri moja. Fanya hivyo kwa dakika tano, pumzika, rudia. Ndani ya muda mfupi unaweza kumwona anaanza kushuka chini kidogo.

Pili, pima joto. Kipimajoto cha tangi ni kitu cha bei ndogo, na mkono peke yake hudanganya. Maji yenye nyuzi 20 za Selsiasi yanaweza kubeba takribani miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30, kiasi hicho hushuka hadi karibu 7.5. Wakati huo huo joto huuchangamsha mwili wa samaki, naye huhitaji oksijeni zaidi. Ndiyo maana vifo vingi hutokea msimu wa kiangazi kikali, kati ya Desemba na Machi. Maji yakivuka nyuzi 30, fungua kifuniko, zima taa ya tangi, elekeza feni juu ya maji, na weka tangi mbali na dirisha linalopigwa na jua la jioni. Chupa ndogo ya maji yaliyogandishwa, ikiwa imefungwa vizuri, inaweza kuelea tangini kwa dakika chache; iondoe mara joto linapoanza kushuka, kwa sababu baridi ya ghafla nayo huua.

Tatu, usimlishe. Samaki mzima wa nyumbani hukaa siku mbili tatu bila chakula na asidhurike. Chakula asichokula huoza, na kuoza huko hula oksijeni ile ile unayohangaika kumwongezea.

Nne, jiulize nini kimepuliziwa ndani ya nyumba tangu jana. Dawa nyingi za mbu na mende za kopo hutumia kemikali za kundi la pairethroidi, zilizotengenezwa kwa kuiga sumu ya pareto, zao linalolimwa Nyanda zetu za Juu Kusini. Binadamu huzivumilia zikiwa kidogo, lakini kwa samaki ni sumu kali mno. Hatari kubwa iko kwenye pampu ya hewa: yenyewe huvuta hewa ya chumbani na kuisukuma majini, kwa hiyo ukipulizia sebuleni umepulizia ndani ya tangi. Kama samaki wote wameanza kuzunguka ovyo au kupinduka kwa wakati mmoja baada ya kupuliza dawa, fungua madirisha, badilisha maji mengi kuliko kawaida, na kama una makaa maalumu ya filta yaweke. Siku nyingine ukitaka kupulizia chumba, zima pampu, funika tangi kwa plastiki, na usiiwashe hadi harufu iishe kabisa. Tangi likiwa na samaki wengi, afadhali utumie chandarua tu.

Badilisha maji, lakini usimwage yote

Hapa ndipo watu wenye nia njema huwapoteza samaki wao. Wakiona maji yana ukungu, wanayamwaga yote, wanasugua kioo kwa sabuni, wanaosha changarawe bombani, kisha wanajaza maji mapya. Tangi linang'aa, na kesho yake samaki amekufa.

Ili uelewe kwa nini, fuata njia ya uchafu. Samaki hutoa amonia kupitia mashavu yake kila anapopumua, na kinyesi na mabaki ya chakula huongeza nyingine. Amonia huchoma mashavu. Kwenye tangi lililokomaa, bakteria wanaoishi kwenye sponji ya filta na kwenye changarawe huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu; bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia ikiwa kidogo. Jamii hiyo ya bakteria huhitaji takribani wiki nne hadi sita kujijenga kwenye tangi jipya. Ukiosha sponji kwa maji ya bomba yenye klorini, umewaua kwa siku moja, na amonia huanza kupanda upya. Kuna hatari nyingine pia. Maji yaliyokaa tangini muda mrefu huelekea kuwa na asidi zaidi, na katika hali hiyo sehemu kubwa ya amonia haina makali. Ukimwaga yote na kuweka maji yenye alkali, mambo hubadilika: pH ikipanda kutoka 7 hadi 8, sehemu ya amonia iliyo sumu huongezeka karibu mara kumi. Amonia yoyote iliyobaki kwenye changarawe huwa na nguvu ambayo jana haikuwa nayo.

Kwa hiyo badilisha sehemu tu. Kwanza jua tangi lako lina lita ngapi. Pima kwa sentimita urefu, upana na kina cha maji, zidisha, kisha gawanya kwa 1,000. Tangi lenye urefu wa sentimita 40, upana wa 25, na maji yaliyofika kina cha 26, lina lita 26. Ukitoa nafasi ya changarawe na mawe, hesabu 24. Theluthi yake ni lita 8. Hicho ndicho kipimo cha siku.

Chukua ndoo ambayo haijawahi kuwekewa sabuni wala dawa ya kufulia, na iwe ya samaki peke yake. Tumia mpira mwembamba kufyonza maji kutoka chini, ukiupitisha taratibu juu ya changarawe ili uchafu uliotulia utoke. Angalia unachotoa: ukiona vipande vya chakula vilivyovimba na vyeupe, umepata mchawi. Sponji ya filta ikamue ndani ya maji hayo hayo uliyoyatoa, mara mbili tatu, kisha irudishe ikiwa bado na rangi ya kahawia. Mimina maji mapya polepole kwa jagi, pembeni mwa kioo, yakiwa na joto linalolingana na la tangi. Rudia kesho, na keshokutwa. Siku tatu za theluthi moja moja husafisha maji vizuri na bila kumshtua mgonjwa.

Ukipata vipimo vya karatasi au vya matone kwenye maduka ya samaki wa mapambo, ni fedha iliyotumika vizuri. Amonia isomeke sifuri, nitriti isomeke sifuri, nitrati iwe chini ya miligramu 40 kwa lita. Usipovipata, ratiba ya kubadilisha maji ndiyo kinga yako.

Maji yako yametoka wapi?

Maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, yanayofika katikati ya jiji hutoka Mto Ruvu na hutiwa klorini ili tusiugue. Klorini ile ile huunguza mashavu ya samaki. Yaache maji kwenye ndoo wazi kwa saa 24, ukiyakoroga mara kadhaa au ukiweka pampu ya hewa ndani, nayo hupaa. Ukiwa na haraka, tumia dawa ya kuondoa klorini inayouzwa kwenye maduka ya samaki, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Ndoo hiyo ifunike kwa kipande cha chandarua. Mbu wanaoeneza dengue hutaga kwenye maji safi yaliyotuama, na Dar es Salaam imeshakumbwa na mlipuko wa ugonjwa huo mwaka 2014 na tena 2019.

Kama jengo lenu linategemea simtanki lililoko juu ya paa, maji ya bomba saa nane mchana yanaweza kuwa ya moto kuliko samaki anavyoweza kustahimili. Chota asubuhi na mapema, uyaache yapoe chumbani.

Suala gumu zaidi ni maji ya boza, ambayo mara nyingi hutoka visimani. Mwishoni mwa 2022 kina cha Ruvu kiliposhuka na maji yakagawiwa kwa zamu, familia nyingi za mjini ziliishi kwa maji ya visima. Visima vingi vya Dar vina chumvichumvi na madini mengi kuliko maji ya mto. Samaki anaweza kuzoea maji magumu, lakini hawezi kuzoea kwa saa moja. Ukilazimika kutumia maji ya kisima, weka robo kisima na robo tatu maji uliyonayo, na ongeza kidogo kidogo kwa wiki nzima. Bora zaidi, jiwekee dumu mbili za maji ya mto kila yanapotoka, uzitenge kwa ajili ya tangi.

Sasa mtazame samaki mwenyewe

Hewa ikishakuwa nzuri na maji yakishaanza kusafishwa, kaa mbele ya tangi kwa dakika kumi bila kugonga kioo. Tazama mashavu kwanza. Yakiwa mekundu mno au yenye rangi ya kahawia na anahema kwa nguvu, maji bado yana sumu. Kahawia huashiria nitriti. Kisha tazama mapezi, magamba, tumbo na namna anavyokaa majini.

Vidoa vyeupe vidogo, kama punje za chumvi zilizonyunyizwa mwilini, huku samaki akijisugua kwenye mawe, ni ugonjwa wa kidusia kiitwacho Ichthyophthirius multifiliis. Kidusia hicho hukua mwilini, huanguka chini, huzaliana kwenye changarawe, kisha watoto wake huogelea kutafuta samaki mwingine. Hushambuliwa kikiwa kinaogelea tu. Kikiwa chini ya ngozi dawa haikifikii. Kwa sababu hiyo, vidoa vikitoweka siku ya nne usisimamishe tiba. Fyonza changarawe kila siku, na tumia chumvi: gramu 1 kwa lita siku ya kwanza, ukipandisha taratibu hadi gramu 2 au 3 kwa siku mbili zinazofuata, na udumu hapo angalau siku kumi. Kijiko kidogo cha chai kilichosawazishwa kina takribani gramu 6 za chumvi laini, kwa hiyo tangi letu la lita 24 linaanza na vijiko vinne. Iyeyushe kwanza kwenye jagi. Ukibadilisha maji, rudisha chumvi ya yale uliyoyatoa tu, maana chumvi haipai. Samaki wasio na magamba na mimea mingi ya tangini hawaipendi chumvi, kwa hiyo wahamishie chombo kingine.

Chumvi ya gramu 1 kwa lita humsaidia pia samaki aliyeathiriwa na nitriti, kwa kuwa kloridi iliyomo huizuia nitriti isiingie mwilini kwa wingi.

Mapezi yaliyochanika na kuwa na kingo nyeupe au nyekundu mara nyingi ni kuoza kunakotokana na maji machafu au kung'atwa na mwenzake. Maji safi kwa wiki mbili hurudisha pezi. Samaki wa dhahabu anayeelea kichwa chini au kiubavu, tumbo limejaa, huenda amevimbiwa: mnyime chakula siku mbili, kisha mpe njegere moja iliyochemshwa, ikamenywa na kupondwa. Magamba yaliyosimama mwili mzima na tumbo lililojaa maji ni dalili kwamba figo zimeshindwa kazi. Mtenge na umpe utulivu, lakini ujue kwamba wachache huvuka hapo.

Usimwage majini vidonge vya tetrasaiklini au dawa nyingine ya binadamu. Kipimo hakijulikani, bakteria wa filta hufa pamoja na wale unaowalenga, na waliosalia hujifunza kuikinza dawa ambayo kesho mtoto wako ataihitaji.

Umeme ukikatika

Mgao wa umeme wa 2023 uliwafundisha wafugaji wengi wa samaki kujipanga. Weka pampu ndogo ya hewa inayotumia betri. Umeme ukikatika kwa zaidi ya saa chache, toa sponji ya filta kwenye boksi lake lililofungwa na uiache ielee ndani ya tangi, ili bakteria wapate oksijeni. Filta iliyofungwa na kukaa bila mzunguko huoza ndani, na ukiiwasha hutapika uchafu wote tangini. Kama imekaa usiku mzima, ikamue kwanza kwenye maji ya tangi. Usilishe hadi mzunguko urudi.

Kama samaki hawezi kupona

Kuna wakati upole ni kumwacha aende bila mateso. Usimtupe chooni akiwa hai, wala usimweke kwenye friza. Tumia mafuta halisi ya karafuu, yale yale yanayokamuliwa kwenye kiwanda cha makonyo cha Wawi kule Pemba na kuuzwa madukani kwa maumivu ya meno. Yana eugenoli, ambayo humlaza samaki. Weka samaki kwenye lita moja ya maji ya tangi. Tia nusu mililita ya mafuta kwenye chupa ndogo yenye maji ya uvuguvugu, funga, tikisa kwa nguvu hadi yawe meupe. Mimina nusu yake polepole. Akishalala, mimina iliyobaki. Mashavu yakisimama, mwache humo kwa nusu saa nyingine kabla ya kumzika. Waeleze watoto unachofanya na sababu yake. Mtoto huelewa ukimwambia ukweli.

Anayeishi usimpeleke Mto Msimbazi wala kwenye mfereji hata kama umechoka kufuga. Sangara aliyepandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 amechangia sana kupotea kwa aina nyingi za furu, na hasara hiyo haijarudishwa. Mpe mfugaji mwingine.

Akishapona

Rudisha chakula kwa kiasi anachokimaliza ndani ya dakika mbili, mara moja kwa siku, na siku moja ya wiki asile kabisa. Endelea kubadilisha robo au theluthi ya maji kila wiki, siku ile ile, na uandike kwenye daftari tarehe, joto na maji yalikotoka. Siku tatizo likirudi, daftari hilo litakuonyesha chanzo haraka kuliko kubahatisha.

Kisha lipime tangi lenyewe kwa uaminifu. Samaki wa dhahabu ana asili ya China, anapenda maji ya nyuzi 18 hadi 24, hutoa uchafu mwingi, na akitunzwa hupita miaka 10. Bakuli la lita 5 kwenye chumba chenye joto cha Mchafukoge ni adhabu kwake, hata umbadilishie maji kila siku. Mtafutie tangi la lita 80 na kuendelea na mahali penye ubaridi, au mpe mwenye uwezo huo. Kwa tangi dogo chagua samaki wanaolipenda joto letu: gapi wachache, au beta mmoja dume akiwa peke yake. Beta hupumua pia hewa ya juu, kwa hiyo mwachie nafasi chini ya kifuniko. Ukiwa na lita 60 na maji magumu ya kisima yanayokusumbua, wapo samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika wanaoishi ndani ya makombe ya konokono. Maji yao ya asili yana alkali nyingi, pH kati ya 8.6 na 9.2, na kile kinachomtesa mwingine kwao ni nyumbani.

Umri nao uuheshimu. Gapi huishi takribani miaka miwili, na Nothobranchius guentheri wa Unguja, anayezaliwa kwenye madimbwi ya msimu, hana hata mwaka. Samaki mzee anayefifia taratibu kwenye maji safi hajakufa kwa uzembe wako.

Usinunue mwenzake mara moja. Subiri wiki nne za maji yasiyoyumba. Halafu, ukimchukua mpya dukani, nenda asubuhi au jioni, mfuko uufunge ndani ya kitambaa asipigwe na jua njiani, na umkalishe kwenye chombo chake peke yake wiki mbili hadi nne kabla ya kumchanganya. Maji ya mfuko yamwage, usiyatie tangini.